Nafasi ya Sauti ya Kiume

Kandara, Jeddah
Alhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Zuwena,

Nakuomba radhi kwa kimya cha wiki tatu. Tumekula sahani moja, tumesalimiana asubuhi na jioni, nimekuuliza habari za ikama yako mpya, kibali chako cha kukaa, nawe umenijibu. Lakini lile swali ulilonielekeza ukiwa umeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili sikulijibu. Ulisema: "Baba, wapenzi wa nyimbo za zamani wa Riyadh wananitaka niimbe wimbo wa wawili, ule wa mama. Sauti ya kiume sitaki mtu mwingine. Nakutaka wewe." Nami niliinuka, nikaenda kupiga pasi kanzu ambayo ilikuwa imekwisha kupigwa pasi. Mama yako aliniangalia kwa jicho ambalo wewe hulijui, maana ameniwekea mimi peke yangu.

Sasa mmekwenda Al-Safa kuaga katika nyumba anayopikia mama yako, na mimi nimebaki na meza. Nimeona nikuandikie. Kwa mdomo ningekatiza maneno, na kwa simu ningesahau mpangilio. Kwenye karatasi naweza kujisahihisha kabla hujaniona.

Mambo ya kila siku ya kuhamia kwako Riyadh sitayagusa. Mama yako amekwisha kukwambia habari za pasipoti, za kutozima simu, za hewa kavu ya Riyadh na mafuta ya nazi ya kupaka midomoni. Amekwambia mara mbili, na kesho asubuhi kwenye kituo cha basi atakwambia mara ya tatu. Mimi nataka kukueleza kwa nini mwalimu mzima, aliyezoea kudai majibu kwa wanafunzi, alishindwa kujibu swali la binti yake.

Wewe Unguja unaijua kwa likizo tu, kwa hiyo nianzie huko. Nilipokuwa mdogo, siku moja kila wiki sinema ya mjini ilikuwa ya wanawake watupu, na ilikuwa mchana. Mama yangu alikwenda na dada zake, mabuibui yao yananukia udi, kila mmoja na leso mbili: moja ya jasho na moja ya machozi. Mtoto wa kiume aliyepita umri wa kubebwa hakuruhusiwa kuingia. Nilikaa nje, mgongo nimeuegemeza ukutani. Mazungumzo ya waigizaji yalizama ndani ya ukuta, lakini wimbo ulipoanza, na zile fidla zake nyingi, niliusikia kwa mgongo kabla ya kuusikia kwa masikio. Kisha wanawake wote mle ndani wakaanza kuimba pamoja na mwanamke wa kwenye pazia, kwa Kihindi, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuagizia chumvi dukani. Waliyajua maneno yote. Bibi yako alikuwa akiyaimba akichambua mchele, na ukimuuliza maana yake alisema: "Maana yake ni kwamba mwanamme amechelewa."

Nilipofika umri wa kukata tikiti yangu mwenyewe, kijana mmoja jirani aliniambia kuwa yule mrembo haimbi. Anayeimba ni mwanamke mwingine, amesimama chumbani mbele ya kipaza sauti, na huyu tunayemwona anafumbua mdomo tu. Nilikasirika siku nzima. Siku ya pili nilifurahi sana. Kumbe mtu anaweza kuimba mbele ya dunia nzima na asionekane. Kwa mtoto mwenye haya kama mimi, hiyo ilikuwa habari njema kupita zote.

Nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili nilizipenda nyimbo hizo kwa sababu nyingine. Za wakati ule ziliandikwa na washairi. Mizani imekaa, vina vimekaa, hata asiyejua lugha husikia kwamba hakuna neno lililowekwa mahali kwa sababu mtunzi alichoka kutafuta jingine. Kila nikizisikiliza nilijiambia: huyu naye alipata mwalimu mkali.

Ndipo mama yako alipoingia darasani kwangu na daftari mkononi. Alikuwa na kikundi cha wanawake waliokuwa wakiimba harusini. Walichukua mahadhi ya filamu za Kihindi wakayavisha maneno ya Kiswahili, kama ilivyo desturi yetu. Alikuwa ametunga maneno ya wimbo mmoja wa wawili, sehemu ya kike tu, maana kikundi chao hakikuwa na mwanamme. Alitaka nimtazamie lugha. Nikaitazama, kwa wino mwekundu. Siku ya pili alirudi.

"Mwalimu, lugha yako safi," akasema, "lakini haiimbiki."

"Kwa nini isiimbike? Mizani ni ile ile, nane kwa nane."

"Hesabu ni sawa. Hebu iimbe."

"Mimi siimbi."

"Basi kaa usikilize."

Yeye alikuwa ameandika: *Nisubiri nami naja.* Mimi nilikuwa nimepindua: *Nami naja, nisubiri,* kwa hoja kwamba mtu hutoa habari kwanza, kisha ndipo aombe. Mahadhi yale mwishoni hupanda juu, yakakaa huko, na yakakaa sana. Mama yako aliivuta ile "ri" mpaka wanafunzi waliokuwa wakichungulia dirishani wakaziba masikio.

"Umesikia?" akaniuliza. "Mbu."

Kisha akaimba ya kwake. Ilipofika "naja" mdomo ulifunguka, sauti ikatoka yote, na chumba kikawa kikubwa. Niliirudisha mistari yake kama ilivyokuwa, nikamwandikia chini ya ukurasa: "Vizuri sana." Baada ya miezi minne nikapeleka posa.

Ungedhani mtu aliyefundishwa hivyo mara moja hahitaji kufundishwa tena. Mimi nilihitaji.

Ulipokuwa na miezi sita nilikuja Riyadh peke yangu, kuwa karani wa ghala la vigae huko Al-Sulay. Mahali pale utapasikia, ingawa kazi yako ya kupokea wagonjwa kwenye kliniki haitakufikisha huko. Ni malori, vumbi na maghala yaliyopangana kama mistari ya daftari. Nilikuwa na rafiki mmoja, Wafula, huyu huyu unayemjua, dereva kutoka Bungoma, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha lori letu. Siku moja mama yako alinitumia kaseti. Upande wa kwanza alizungumza: nani kaoa, nani kajifungua, wewe umeota jino. Upande wa pili aliimba wimbo wake. Aliimba sehemu ya kike, na penye sauti ya kiume akanyamaza. Hakusema kitu. Alinyamaza kwa muda ule ule unaohitajika, kisha akaendelea na ubeti wake.

Tuliisikiliza ndani ya lori la Wafula, mlango wazi. Katika zile nafasi nilisikia jikoni kwetu: mwiko kwenye sufuria, jogoo wa jirani, mtu akibisha hodi, bila shaka akiambiwa kwa mkono asubiri. Na katika nafasi ya mwisho nilikusikia wewe. Ulilia kwa nguvu zako zote tangu mwanzo wa nafasi hadi mwisho wake, na zamu ya mama yako ilipofika ukanyamaza. Wafula alicheka hadi akashuka chini.

"Mwalimu, mtoi amekuchukulia namba," akasema. "Jibu basi, mke anangoja."

"Nitaharibu."

"Nani atakusikia hapa? Vigae?"

Sikuimba. Nilimwandikia mama yako barua ya kurasa sita ya kumshukuru, na ndani yake nikamsahihisha makosa mawili ya lugha aliyoyafanya upande wa kwanza. Hakunitumia kaseti nyingine. Hakukasirika, unamjua; alisema tu kwamba kaseti ni ghali kwa mtu asiyejibu.

Kisha nikapata kazi ya ukarani Jeddah, kazi iliyoruhusu familia, nanyi mkaja; Wafula naye akahamia huku baadaye. Mengine unayajua, maana umekulia kati ya majora ya nguo ya fundi Karimu, chini ya nyumba yetu. Lakini nataka uyaone kutoka mahali nilipokuwa nimekaa mimi.

Karimu ni mshona kanzu kutoka Haiderabadi, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana hufunga duka kwa wateja na kulifungua kwa nyimbo. Mchezo wenyewe ni wa Wahindi tangu zamani: upande mmoja unaimba mwanzo wa wimbo wa zamani, na herufi unayoishia ndiyo upande wa pili unayoanzia wimbo wake. Wanaume walikaa kwenye meza ya kukatia nguo, wanawake walikaa kwenye meza ya pasi, na kati yao yale majora yaliyopangwa hadi kifuani. Walinichagua kuwa mwamuzi kwa sababu sikuwa ndugu wa mtu yeyote pale, na kwa sababu nilikuwa nimejifunza lugha yao kwa Karimu kwa miaka miwili, jioni baada ya jioni, vitenzi kwa majedwali. Sheria nilizikaza mimi. Anza mwanzo wa wimbo. Maneno yawe ya asili. Usijaze kwa mguno palipo na neno. Usirudie ulioimbwa. Anayekosea nagonga meza kwa rula ya mita, na upande wake umetoka. Walinicheka, lakini walinitii, na nilikuwa na furaha ambayo sidhani kama niliwahi kukwambia. Ijumaa zile nilizingoja tangu Jumamosi.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Huo ulikuwa mchezo wa mwisho wa siku, na mshindi hakujulikana. Wanaume waliishia kwenye "n". Nyuma ya majora nilisikia wanawake wakinong'onezana, na Karimu akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipofika cha nane, sauti moja ikapanda: *Nisubiri nami naja.* Mahadhi ya Kihindi, maneno ya mama yako. Sikuhitaji kuona ili kujua kuwa ni wewe. Niligonga meza.

"Maneno si ya asili," nikasema. "Halas. Upande wa wanawake umetoka."

"Masta," Karimu akaniambia, "mahadhi yetu, maneno yenu. Mpe."

"Mwalimu, hiyo ni kuonea watu, bana," Wafula akasema.

"Sheria ni sheria."

Kutoka nyuma ya majora mama yako akasema: "Haya, mmetutoa. Na chai mtajipikia wenyewe." Watu wakacheka, yalla, mchezo ukaisha. Tulipokuwa tukipanda ngazi ulinitangulia, umebeba chupa ya chai. Ulisimama kwenye ngazi ya katikati ukaniuliza: "Baba, hukupenda?" Nikakujibu: "Si suala la kupenda. Kuna sheria." Ukasema, "Sawa, baba."

Tangu siku hiyo hujaimba mbele yangu. Ukiwa jikoni unaimba, mimi nikitia ufunguo mlangoni, unazimika kama redio. Miaka tisa.

Sasa nikwambie jambo ambalo Karimu peke yake analijua, kwa sababu alikuwa akinitazama. Ulipokaribia mwisho wa mstari wako, pale sauti ya kiume inapoingia, mimi nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi. Mdomo wangu ulikuwa umefunguka. Mwamuzi, mbele ya watu ishirini, alikuwa karibu kuimba. Niligonga meza ili nisiimbe. Zuwena, wewe hukukosea kitu. Nilipenda. Nilipenda kiasi cha kuogopa, nikaiita hofu yangu sheria, nikakupa wewe uibebe.

Hilo ndilo kosa langu, na ukilitazama utaona ni lile lile la wino mwekundu na lile lile la barua ya kurasa sita. Watu wawili ninaowapenda kuliko wote walinipa wimbo, na mara tatu niliwarudishia masahihisho. Sikuambii haya ili uyafanye somo. Ila kwa kuwa wewe umechukua kwangu zaidi ya pua, na nimekuona ukimkatiza mwenzako aliyekosea tarehe ya hadithi yake mwenyewe, nakuomba jambo moja dogo. Mtu akianza kukuimbia vibaya, mwache amalize. Ukishindwa kabisa, kapige pasi.

Na sasa nikueleze nilikokuwa wiki hizi tatu, kwa maana hukuamini nilipokwambia nakwenda kutembea. Nilikuwa na Wafula. Siku hizi, kama unavyojua, ni dereva wa familia moja ya Al-Safa, na kila adhuhuri huegesha gari nje ya lango la shule kwa nusu saa kuwangoja watoto wa madam wake. Tunafunga vioo, tunawasha kipoza hewa, na mimi naimba. Siku ya kwanza alinisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Mwalimu, wewe unaimba kama mtu anasoma kontrakti."

"Kila neno nimelitamka sawasawa."

"Ndiyo shida yenyewe. Hata kafili aliyekuajiri hawezi saini hiyo."

Siku ya nne mlinzi wa shule, mzee wa Kiyemeni, alikuja kugonga kioo akidhani naumwa. Siku ya saba alikuja tena, akaomba nirudie ubeti wa pili. Na jana Wafula hakucheka. Alitazama mbele kama yuko barabarani, kisha akasema: "Leo umeimba. Lakini usijisifu, ni mwanzo."

Kulikuwa na kazi nyingine pia. Ulisema utaimba maneno ya mama yako. Lakini sehemu ya kiume mama yako hakuitungia maneno kamwe, na kujibu kwa Kihindi mwanamke anayekuita kwa Kiswahili niliona ni utovu wa adabu. Nimeyatunga. Nilichana karatasi nyingi, na kila nilipopata mstari mzuri niliupeleka kwanza kwenye mdomo kabla ya kuupeleka kwenye sarufi. Haya hapa:

*Taa bado nimewasha,*
*na chai nimechemsha,*
*jibu nimechelewesha;*
*njoo, sitakurudisha.*

Utaona kwamba mizani ni nane na kila mstari unaishia na mdomo wazi. Nimemwimbia Karimu. Hakuelewa neno hata moja isipokuwa chai, akasema ndivyo hasa wimbo ule ulivyokuwa ukisema tangu zamani.

Kwa hiyo tatizo langu si kutotaka, mwanangu. Nataka kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote tangu nilipopeleka posa. Tatizo ni mstari wa tatu. Pale mahadhi hupanda mahali ambapo koo la mtu wa umri wangu halina haki ya kufika. Siku moja nafika, siku mbili sifiki. Watu watakaokusikiliza kwenye istiraha huko Riyadh, ile nyumba ya kukodi ya sherehe, wameziishi nyimbo hizi maisha yao yote. Wewe ukikosea watakubeba, wataimba pamoja nawe mpaka urudi njiani, ndivyo walivyo. Lakini sitaki usiku wako wa kwanza mbele yao uwe usiku wa kumwonea huruma baba yako. Na kujihukumu mwenyewe siwezi. Umeona jinsi ninavyohukumu.

Basi nimeomba wengine wanihukumu. Kesho baada ya sala ya Ijumaa, duka likifungwa, sitakaa kwenye kiti changu. Karimu atapiga kinanda chake cha mkono, Wafula atasimama mahali pa mwamuzi, na mama yako, ambaye jana usiku alinisikia bafuni na kukubali bila kuniuliza swali, ataimba sehemu yako kutoka nyuma ya majora. Nimewaambia watumie sheria zangu zote, wasizipunguze kwa ajili ya mvi wala kwa ajili ya ualimu. Wafula amefurahi kupita kiasi. Anasema amelingoja jambo hili tangu Al-Sulay.

Wakinipitisha, nitakata tikiti ya basi la Riyadh, na utanikuta nimevaa ile kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Wakinitoa, utafute sauti nyingine bila kuona vibaya, na mimi nitakuja vilevile, nikae miongoni mwa wasikilizaji, nikusikilize hadi mwisho.

Wewe wakati huo utakuwa umekwisha kuipita Taifu. Uamuzi ukitolewa tu, nitakuandikia kabla chai haijapoa. Nitaunakili kwa maneno yale yale watakayoyatumia wao, hata yakiwa ya Wafula, na sitasahihisha hata moja.

Baba yako